Ruhusa ya Kuona Tu

Nilipoajiriwa na kampuni inayosambaza intaneti huku kwetu Kilwa, mama mdogo aliwatangazia wateja wake wote pale Nangurukuru kwamba mwanawe sasa ndiye anayeendesha mtandao. Alikuwa mama lishe. Aliuza chapati, maharage na samaki wa kukaanga karibu na mahali mabasi yanaposimama, na abiria yeyote aliyelalamika kuwa simu yake haishiki aliambiwa awe na subira, mwanangu atatengeneza. Nilimkataza mara nyingi. Nilimweleza kwamba mimi siendeshi chochote, naangalia tu.

"Sasa anayeangalia si ndiye anayejua?" alinijibu, mikono yake ikiwa ndani ya unga. "Na anayejua si ndiye anayefanya?"

Sikuwa na jibu la kumpa lililokuwa fupi. Nyuma ya ofisi yetu Kilwa Masoko kuna kontena, na ndani ya kontena kuna boksi jeusi la chuma, si kubwa kuliko sinia la pilau. Mawasiliano ya wateja wetu wote hupita humo kabla ya kwenda nje. Boksi ni moja, lakini kwa ndani limegawanywa kama nyumba ya kupanga. Hospitali ina chumba chake, hoteli moja ya ufukweni ina chake, ghala la korosho la wakulima wa upande wa Lindi lina chake, na sisi mafundi tumeachiwa kachumba kadogo ka usimamizi, ambako hakatoki popote zaidi ya makao makuu Dar es Salaam. Kila chumba kimewekewa kikomo cha miunganisho kinayoweza kubeba kwa mpigo. Nia ilikuwa njema, mpangaji mmoja asije akala sehemu ya wenzake. Lakini chumba kikijaa, hakiwezi kuazima nafasi kwa jirani, hata kama jirani amelala hana analolifanya.

Chumba kikikaribia kikomo, boksi hutoa ilani. Huitoa kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kupashana habari zao, na ilani hiyo hutokea kwenye kompyuta yangu: njano kikifika asilimia themanini, nyekundu kikijaa. Kukiongezea nafasi ni kuandika namba na kubonyeza kitufe. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuiandika namba hiyo. Akaunti yangu ilikuwa ya kuona tu. Aliyeruhusiwa kubadilisha alikuwa mhandisi mmoja wa makao makuu, kijana mwenye adabu ambaye kwa muda wote huo tulikuwa tumeonana uso kwa uso mara moja tu. Yeye aliniita dada, mimi nilimwita kaka.

Mama mdogo si mama aliyenizaa. Ni mdogo wake. Mama yangu alifariki ningali naota meno, na huyu akanichukua kutoka kwa bibi kule Kitomanga, akanilea kati ya mikorosho na mihogo, mpaka alipoamua kwamba kilimo kimemchosha na kwamba penye mabasi ndipo penye watu. Hakuolewa tena baada ya mume wake kumwacha. Watu wakimuuliza ana watoto wangapi alijibu mmoja, na mmoja huyo nilikuwa mimi.

Masika ya mwaka ninaousimulia yalikuja kwa hasira. Mvua ilinyesha mpaka mito ikala madaraja, na barabara kuu ikakatika upande wa kaskazini, kisha upande wa kusini. Mabasi yaliyokuwa katikati yalikwama Nangurukuru. Watu walilala ndani ya mabasi, misikitini, kwenye varanda za maduka. Nguzo za umeme zilianguka. Minara ya simu ilijikongoja kwa majenereta, na dizeli ilipoisha ikazimika mmoja baada ya mwingine. Sisi tulibaki hewani kwa sababu dishi letu linapokea kutoka angani na paneli zetu za jua zilikuwa bado zinapata mwanga kidogo mchana. Kwa hiyo ilitokea kwamba, katika eneo letu lote, mtu pekee aliyekuwa na njia ya kuongea na ulimwengu alikuwa mteja wetu. Na mteja wetu aliyekuwa na watu, wagonjwa na taa ilikuwa hospitali.

Asubuhi ile niliingia ofisini nikiwa nimelowa. Nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikuwa amekwenda kwao likizo akakwama huko. Niliwasha kompyuta, na kabla sijavua koti la mvua niliona chumba cha hospitali ni cha njano. Si kawaida yake. Hospitali huwa na kompyuta chache, na kwa siku ya kawaida haifiki hata nusu ya kikomo chake. Nilipoangalia vyumba vingine, cha hoteli kilikuwa kitupu kabisa, maana hoteli hufungwa masika, jenereta huzimwa na mwenyewe huondoka. Cha ghala la korosho nacho kilikuwa kitupu, msimu ulikuwa umekwisha na ghala lenyewe lilikuwa ng'ambo ya daraja lililovunjika.

Nikamwandikia mhandisi kupitia kachumba ketu ka usimamizi, ambako huruhusu maneno matupu, hakapitishi picha wala sauti.

"Kaka, habari za asubuhi. Chumba cha hospitali kiko njano na kinapanda. Naomba ukiongezee."

Akajibu upesi. "Salama, dada. Nimekiona. Tatizo mabadiliko yote kwa vituo vya kusini yamesimamishwa mpaka mvua zipungue. Wanasema tukikosea kidogo tukakiangusha kituo, hakuna fundi atakayefika huko."

"Mimi nipo."

"Najua upo. Nimeomba idhini. Subiri."

Nikasubiri. Nilikaa mbele ya ile rangi ya njano kama mtu aliyekaa mbele ya sufuria la maziwa, ambaye mikono yake imefungwa. Namba ilipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Nilijiuliza hospitali wanafanya nini, na sikuwa na simu ya kuwauliza.

Ndipo alipokuja mtu wa bodaboda, tope mpaka kifuani. Nilimfahamu kwa sura, huegesha karibu na kibanda cha mama mdogo. Hakushuka kwenye pikipiki.

"Dada, usishtuke," alisema, na hapo nikashtuka. "Mama kaangukiwa na ukuta. Ule wa duka la nyuma ya kibanda chake. Udongo ulilowa, ukalala. Tumemleta hospitali na gari la watu wa barabara."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ni mguu."

Nilichukua kompyuta ya mkononi nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda nyuma yake. Sijui kwa nini niliichukua. Labda kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kukibeba.

Hospitali ilikuwa imejaa, na si wagonjwa tu. Kwenye varanda yote, kutoka lango la mapokezi mpaka dirisha la dawa, watu walikuwa wamekaa bega kwa bega wakiwa na simu mikononi. Wanawake wenye watoto migongoni, wazee wenye kofia, vijana waliovaa malapa. Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Niliwapita mbio bila kuwafikiria.

Mama mdogo alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini, akiwa amefunikwa kanga yake mwenyewe. Uso ulikuwa wa kijivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono. "Chapati zangu zimeungua zote."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinivuta pembeni. Alisema mfupa wa paja umevunjika karibu na goti, na kwamba vunjiko lenyewe halimtishi sana kama kinachotokea chini yake.

"Mguu umepoa kuanzia hapa," alisema, akipitisha kidole chini ya goti lake mwenyewe. "Natafuta mapigo juu ya unyayo, siyapati. Nadhani mfupa umekandamiza mshipa mkubwa unaopeleka damu. Ukiurudisha vizuri, damu inaweza kurudi. Ukiuvuta vibaya, mfupa unaukata mshipa. Mimi si mtaalamu wa mifupa. Picha ya eksirei ninayo, kuna bingwa Dar ambaye huwa tunamtumia picha, anatuelekeza. Leo haiendi. Kompyuta inaanza kutuma, halafu inakata. Inaanza, inakata."

Nilijua kabla hajamaliza. Niligeuka nikatazama varanda, zile simu zote, na kila simu nikaiona kama ilivyo kwenye boksi langu: muunganisho, na mwingine, na mwingine, maana simu moja haifungui mlango mmoja, hufungua mingi kwa pamoja bila hata mwenyewe kujua.

"Nani aliwapa paswedi ya waifai?" niliuliza.

Nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa akifunga bandeji alisimama. "Ni mimi," alisema. "Nilimpa mzee mmoja tu. Alikuwa kwenye basi, wanawe wanadhani amekufa maji. Nikasema awaambie yu hai." Aliangalia watu wale. "Mzee akampa jirani yake. Ningemkatalia vipi?"

Sikuweza kumlaumu, na mpaka leo siwezi.

Kabati letu la vifaa liko mwisho wa ukumbi, na ndani yake kuna tundu moja la waya linalotuunganisha mafundi na kachumba ka usimamizi. Nilikaa sakafuni nikachomeka kompyuta yangu. Chumba cha hospitali kilikuwa chekundu. Ilani zilikuwa zimejipanga moja chini ya nyingine, zote zikisema jambo lilelile: kikomo kimefikiwa, miunganisho mipya inakataliwa. Picha ya mguu wa mama mdogo ilikuwa miongoni mwa hiyo mipya inayokataliwa. Haikuwa na njia ya kusema kwamba ni mguu wa mtu.

"Kaka," niliandika, "kimejaa. Kuna mgonjwa hapa, picha yake haipiti. Mgonjwa ni mama yangu."

Akajibu: "Pole sana, dada. Wallahi nimekwenda mwenyewe chumba cha mkutano. Meneja hajatoka. Siwezi kubonyeza bila yeye, mfumo unataka wawili."

Kumbe hata yeye. Nilikuwa nikimfikiria kama mtu mwenye ufunguo, na ufunguo wenyewe ulikuwa nusu.

Daktari alikuja akachuchumaa karibu yangu. Nikamwambia kwamba njia hii yangu inabeba maneno, picha haibebi. Akafikiri, kisha akaanza kunisomea, nami nikaandika: vunjiko liko wapi, kipande cha chini kimeelekea wapi, mguu una baridi kiasi gani. Mhandisi alimpigia simu bingwa kule Dar, akamsomea. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, likiwa limepita midomo ya watu ambao hawakuelewa maneno mengine waliyokuwa wakiyasema.

"Anasema maelezo ni mazuri lakini bila kuona picha hawezi kusema avute upande gani. Anasema asivute kwanza. Anasema muda ni mdogo."

Daktari alisoma begani kwangu. "Muda ninaujua," alisema, akaenda kumwangalia mgonjwa.

Nilijaribu nililoweza. Nilizima kifaa cha waifai cha hospitali nikakiwasha upya, nikiamini kompyuta ya eksirei itawahi nafasi. Haikuwahi. Ni nzito kuamka, na yenyewe hupita kwenye waifai ileile kama simu, hakuna aliyewahi kuivutia waya. Simu zote zilirudi zenyewe kabla yake, kama kuku waliosikia mtama umemwagwa. Kubadili paswedi sikuweza, maana aliyeijua njia ya kuingia kwenye kifaa hicho alikuwa fundi wa hospitali, na fundi wa hospitali alikuwa ng'ambo ya mto.

Kikabaki kitu kimoja. Nilisimama kwenye varanda nikapaza sauti.

"Shikamooni wazee wangu. Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mnisikilize."

Vichwa vikainuka. Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema njia ya intaneti ya hospitali imejaa, kuna mgonjwa ambaye picha yake lazima ifike Dar, na kila simu iliyowashwa inachukua nafasi ya ile picha. Niliwaomba wazime, wazime kabisa, kwa muda.

"Kwani sisi tunatumia sana?" aliuliza kijana mmoja. "Mimi naandika meseji tu."

"Najua. Hata usipoandika kitu, simu inafungua yenyewe."

"Mgonjwa ni nani?" aliuliza mzee.

Ningeweza kusema ni mgonjwa tu. "Ni mama yangu," nikasema. "Yule wa chapati, pale stendi ya Nangurukuru."

Wengine walimjua. Walikuwa wamekula kwake siku zile walizokwama, na baadaye nilisikia kwamba aliwagawia wenye watoto bila kuwadai. Mzee alikuwa wa kwanza kuzima. Aliinua simu yake juu watu waione imekuwa nyeusi. Wengine wakafuata. Nilipita kutoka mtu hadi mtu, nikisema ahsante, nikisema Mungu akulipe, mpaka maneno yakakosa maana mdomoni mwangu.

Karibu na dirisha la dawa kulikuwa na mwanamke wa rika langu, amejifunga mtandio wa bluu. Hakuzima. Nilipomfikia alinionyesha kioo. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa na alama moja tu, haujafika.

"Mume wangu yuko kwenye basi la nyuma yetu," alisema kwa sauti ndogo. "Wanasema kuna basi lilijaribu kuvuka. Namsubiri anijibu. Nikizima, akijibu sitajua."

"Ukiwasha tena utauona."

"Na kama ataniuliza niko wapi, nikakaa kimya?"

Nilisimama mbele yake. Yeye alikuwa na mtu wake, mimi nilikuwa na wangu, na wote wawili walitegemea nafasi ambayo mita chache kutoka ofisini kwangu, ndani ya boksi lilelile, ilikuwa imelala tele kwenye chumba cha hoteli iliyofungwa. Kisha akabonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia mpaka simu ikazima, akailaza mapajani na kuifunika kwa viganja vyote viwili. Akaanza kusoma dua kimyakimya. Sikuwahi kujua kama alimpata mume wake. Nilipomtafuta jioni hakuwapo, na niliyemuuliza hakumkumbuka.

Nikarudi sakafuni kwenye kompyuta. Nilitegemea kuona namba imeanguka. Haikuanguka. Boksi halikufahamu kwamba watu wamezima. Lilikuwa bado linashikilia miunganisho yao mfu, likiwangoja, kama mwenyeji anayeacha mlango wazi kwa mgeni aliyekwisha kwenda zake. Kila mmoja lazima ukae mpaka muda wake uishe ndipo uondolewe. Kulikuwa na amri ya kuifuta yote kwa mara moja. Niliijua. Niliiandika, nikabonyeza, na boksi likanijibu lilivyonijibu siku zote, kwamba sina ruhusa.

Varanda nzima ilikuwa kimya. Nadhani sijawahi kusikia watu wengi kiasi kile wakiwa kimya pamoja nje ya swala. Walikuwa wamenipa kila walichokuwa nacho, na mimi nilikuwa natazama rangi nyekundu. Kutoka ukumbini nilimsikia mama mdogo akilia kwa Kimwera, lugha ambayo hakuwa akiitumia Nangurukuru. Alikuwa akimwita bibi, aliyekwisha kufa siku nyingi.

Nyekundu ikawa njano. Nilimwita mpiga picha za eksirei. Akajaribu, ikaanza, ikakata. Akajaribu tena. Mstari wa kutuma ukasogea kama konokono, ukasimama, ukasogea tena. Kisha akasema, "Imekwenda," na hakusema kwa furaha, alisema kama mtu aliyetua mzigo.

Bingwa alipiga simu ya video. Daktari alifunga mlango. Mimi nilikaa nje, mgongo ukutani, nikimsikia bingwa akisema vuta, taratibu, zungusha kidogo ndani, na mama mdogo akipiga ukelele mmoja ambao sitauelezea. Halafu daktari akisema, "Bado." Halafu tena, "Bado. Kuna kitu nadhani nakihisi. Hapana. Bado."

Ilikuwa wakati huo huo, mlango ukiwa umefungwa, ndipo ujumbe ulipoingia kwenye kompyuta yangu.

"Dada, wamekubali! Naweka sasa hivi."

Nikaona kikomo kikibadilika. Namba moja ikawa namba nyingine, na chumba cha hospitali kikawa kijani. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema bismillahi. Nikainuka nikawaambia watu wa varandani kwamba sasa wanaweza kuwasha, na simu zikawaka zote, na chumba kikabaki kijani, kikiwa na nafasi kubwa iliyobaki.

"Vipi mama?" aliandika mhandisi.

Nilimwandikia, "Ahsante, kaka."

Mguu haukupona. Damu kidogo ilirudi, daktari akatumaini, akamfunga vizuri, akawa anakuja kuugusa unyayo kila alipopata nafasi. Bingwa alisema aletwe Dar, kule wanaweza kuushona mshipa, na wote tulijua hakuna njia ya kumpeleka. Barabara ilikuwa mto, na anga lilifungwa kwa mawingu, hata ndege ndogo haikuthubutu. Vidole vilianza kubadilika rangi. Siku daktari aliponiita ofisini kwake nilijua anachotaka kusema, nikamtaka aseme haraka. Walimkata mguu juu ya goti. Waliomba ruhusa kwangu kwanza kwa sababu yeye alikuwa na homa kali, na ruhusa hiyo, iliyokuwa yangu kutoa, niliitoa.

Nilimuuliza daktari swali langu baada ya wiki kadhaa, mama mdogo alipokuwa ameanza kula. Nilimuuliza kama picha ingekwenda mapema, asubuhi ile alipofikishwa tu.

Alivua miwani yake akaifuta na shati. "Labda," alisema. "Labda pia mshipa ulikuwa umeharibika tangu ukuta ulipoanguka, na hata ningeuvuta palepale ingekuwa hivihivi. Ningekuwa najua ningekuambia, dada. Hatujui."

Ningependelea aniambie ndiyo, au aniambie hapana. Ndiyo ingenipa mtu wa kumkasirikia. Hapana ingenipa usingizi. Nilijaribu kumkasirikia mhandisi, nikamwazia amesimama nje ya mlango wa mkutano. Nilijaribu kumkasirikia nesi, lakini mzee yule alikuwa amewaambia wanawe yu hai. Meneja sikuwahi kumwona sura. Na waliosimamisha mabadiliko walikuwa na sababu yao, tena sababu nzuri, kwamba wasije wakaifungia hospitali njia kwa kosa dogo. Hasira yangu ilizunguka vyumba vyote hivyo ikakosa pa kukaa.

Kazi sikuiacha. Nilipewa baadaye ruhusa ya kubadilisha vikomo, baada ya mafunzo ya siku chache, na nilipoingia kwa akaunti hiyo mpya mara ya kwanza nilikaa nikiangalia kile kitufe bila kukigusa. Hakukuwa na cha kubadilisha. Kila chumba kilikuwa kijani.

Mama mdogo hakurudi Nangurukuru. Alisema hawezi kukaanga chapati amekaa kama malkia, watu wakimwonea huruma. Nilimtaka aishi na mimi Masoko, akakaa kidogo, akasema nyumba yangu ina ngazi nyingi mno mlangoni. Ni mbili. Mwishowe nikampeleka Kitomanga, kwenye nyumba ya bibi, ambako binamu zangu wapo jirani na ardhi ni tambarare. Walimpima mguu wa bandia, akauvaa kidogo, akauegemeza kwenye kona na kusema unamuuma kuliko ule uliokufa. Anatumia magongo.

Nilipokwenda kumwona safari moja, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Tulikuwa tumekaa barazani tukipembua mchele.

"Siku ile," alisema, "ulikaa pale chini na kompyuta yako. Nilikuona mlango ulipofunguliwa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia, mama."

"Unaangalia nini?"

"Naangalia kama njia imefunguka."

Alichagua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Mimi nikajiambia, mwanangu yupo, anatengeneza." Alisema hivyo bila uchungu. "Nikavumilia kwa hilo."

Sikuweza kumwambia kwamba sikutengeneza kitu, na sikuweza kumwacha aamini kwamba nilitengeneza. Nikaendelea kupembua mchele, punje hizo hizo mara mbili mbili.

Baadaye kidogo akasema anataka kwenda kuiona mikorosho ya bibi, ile ya nyuma ya nyumba, kama imebeba. Nikasimama ili nimwinue.

"Niache," alisema. "Ninainuka mwenyewe."

Alishika gongo moja, akaegemeza jingine ukutani, akajivuta. Gongo liliteleza kwenye vumbi, akarudi chini, akapumzika, akaanza tena. Mimi nilisimama karibu yake, mikono ikiwa tayari, bila kumgusa.